Baba mdogo kaleta sale ili nisaini muhtasari wa ukoo. Nifanyeje?

BintiKibosho:
Wanajamvi, naombeni ushauri. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Baba alifariki mwaka jana, akazikwa kihambani kwake, yaani shamba la ukoo la nyumbani, Kibosho huku Kilimanjaro. Tumezaliwa wanne, mimi wa kwanza na binti pekee. Kihamba ni migomba, kahawa kidogo na nyumba ya tofali ambayo bati lake nililinunua mimi kwa pesa ya mitumba. Mama bado anaishi humo.

Ukoo umekaa, muhtasari ukaandikwa: kihamba cha kitinda mimba, shamba la tambarare la wale wawili, na mimi "ameolewa, ana kwake". Mama hakutajwa hata kwa jina! Wote wakasaini. Ilipofika zamu yangu nikairudisha kalamu mezani, nikasema sisaini. Tangu hapo nasemwa kila kona, na anayenisema kuliko wote ni shangazi, ambaye kwa babu hakupata hata mgomba mmoja.

Juzi baba mdogo kaja kwangu Majengo na jani la sale mkononi, lile la kuombea radhi, kaliweka mezani. Mnaojua mila zetu Wachaga mnajua sale haikataliwi. Kasema nikiikataa nimejitoa kwenye ukoo. Huyu mzee ndiye aliyenilipia ada baba alipokuwa anaumwa, nampenda na namheshimu. Lakini saini siitoi. Je, nikipokea sale nimekubali? Na nisiposaini, mirathi itakwama?

MzeeWaUru:
Marahaba mwanangu. Sale huletwa na aliyekosa kwa aliyekosewa, kuomba radhi na kupatana. Ndiyo kazi yake tangu enzi za mababu. Baba yako mdogo akikuletea, ipokee kwa mikono miwili, umwambie, "Baba, kinyongo sina." Hapo umeshaiheshimu. Haijawahi kuwa muhuri wa kugawia mali, na anayeitumia kumbana mtoto wa marehemu kaka yake ndiye anayeivunjia heshima.

KaraniMstaafu:
Muhtasari wa ukoo kazi yake ni kupendekeza msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama, na mwenye neno anaweka pingamizi. Kwa hiyo nenda masjala ya Mahakama ya Mwanzo uulize kama ombi limeshafunguliwa. Saini yako moja haikwamishi mirathi, ila ukiitoa ndiyo watakayokuonyesha kesho kwamba uliridhia.

Jiandae pia. Watakusomea kanuni za urithi za kimila za 1963, zinazomweka binti nyuma. Wewe waambie Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, imeziondolea nguvu mila zinazomnyima mwanamke kumiliki ardhi ya kijiji. Na kabla ya hapo kuna mama wa Kagera, Holaria Pastory. Alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, mwaka 1988 akamuuzia mtu wa nje ya ukoo. Ndugu yake akamshitaki, na Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Mama hakunyamaza. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ileile ya kuuza ardhi ya ukoo aliyonayo mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Mama yule alisemwa kuliko unavyosemwa wewe.

MmeruUsaRiver:
Inaniuma sana hii. Sisi Wameru tulifukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, nyumba zikachomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kulalamika. Mwingereza alikuwa na amri na askari, wazee wetu wakagoma, na leo tunawaita mashujaa. Binti akigomea karatasi moja ya ndugu zake, tunamwita hana adabu? Dada, usisaini.

BintiKibosho:
Asanteni mno. Mzee, nimelia kusoma maneno yako. Jumapili nakwenda kwa baba mdogo na mama, nitamjibu hivyohivyo. Karani, Jumatatu tunakwenda masjala. Mama anataka haki yake isemwe kwanza kabla ya yangu, na ni sawa kabisa. Risiti za bati ninazo, zinasaidia?

KaraniMstaafu:
Zinasaidia. Toa kopi, zile halisi usimwachie mtu yeyote, hata ndugu. Na mama aende na cheti cha ndoa.