Re: GP wamekataa kunisajili na sertralini inaniishia

[Imepitishwa na msimamizi. Mwandishi kaomba jina lisitajwe]
Habari zenu wanajamvi. Nimehamia mji mwingine hapa UK kikazi. Nimekwenda GP (kliniki ya daktari wa familia) wa karibu, dada wa mapokezi akasema bila bili yenye jina langu hanipi hata GMS1, ile fomu ya kujisajili. Bili zote ni za mwenye nyumba, mimi nimepanga chumba tu. Nikamwonyesha eVisa, kile kibali changu cha ukaazi cha mtandaoni, akasema haina anwani. Nameza sertralini, dawa ya sonona, 100 mg kila siku na wikiendi hii zinakwisha. GP wa zamani wanasema nimeshatoka eneo lao. Swali langu ni moja: nikijaza GMS3, fomu ya mgonjwa mgeni wa muda, ile nafasi yangu kwenye foleni ya ushauri nasaha kule nilikotoka itabaki au itafutwa?

Mama Zuhura:
Pole mwanangu. Huo ni uonevu. Mwongozo wa NHS England (huduma ya afya ya umma) unasema wazi kwamba kusajiliwa na GP hakuhitaji kitambulisho, wala uthibitisho wa makazi, wala hali yako ya uhamiaji. Wakuombe sawa, ila ukikosa si sababu ya kukufukuza. Rudi pale, mwambie kwa upole kabisa, "Naomba sababu ya kunikataa kwa maandishi." Wana siku 14 za kukuandikia. Mimi nilipotamka hivyo, fomu ilitoka kwenye droo muda uleule, na kalamu juu.

Bakari wa Usiku:
Wakati unapambana nao, nyoosha zilizobaki: meza leo, kesho ruka. Mimi citalopramu, ndugu yake sertralini, niliacha yote siku moja na bado nadunda.

Nesi wa Zamu:
Bakari, tafadhali, hapa si kijiweni. Sertralini nusu yake inatoka kwenye damu kwa kama saa 26. Ukiruka siku, kiwango kinashuka, kesho kinapanda, mwili unayumba. Katika dawa za jamii hii, inayokaa muda mrefu mwilini ni fluoksetini, si hiyo. Anayeacha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za ajabu, hasira zisizo na chanzo, na kichwani kama anapigwa shoti ya umeme. Wengine hudhani ugonjwa umerudi, kumbe ni dawa imekatwa. Kuacha kuna utaratibu wake: dozi inashushwa kidogo kidogo, wiki hata miezi, daktari akiwa anajua.
Wewe mwenye swali: usingoje Jumapili usiku. Leo ingia famasia yoyote na boksi lako lenye lebo. Mfamasia akiridhika anaweza kukupa za dharura, sheria inamruhusu hadi za siku 30, kwa kuwa sertralini haimo kwenye dawa zinazodhibitiwa. Akikataa, piga 111, simu ya ushauri ya NHS. Na usikope za mtu, hata kama jina ni moja.

Mzee wa Midlands:
Kama huna HC2, cheti cha msamaha wa gharama kwa wenye kipato kidogo, huenda ukazilipia. Jaza HC1 ya kukiomba mapema, ile fomu ni ndefu kuliko ya uraia.

Nesi wa Zamu:
Mzee, hajasema yuko wapi. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini dawa za cheti cha daktari hazilipiwi.

Mama Zuhura:
Katuambia GMS1, Scotland wana fomu yao nyingine. Someni kabla ya kujibu jamani.

Dada Salma:
Niongezee kwa wanaojiandaa kwenda likizo. Kliniki ya wasafiri nusura wanipe meflokwini ya kukinga malaria bila kuniuliza kitu. Mwenye historia ya sonona hapewi hiyo! Nilipowatajia dawa ninayotumia, wakanipa atovakuoni-proguanili. Halafu nimefika nyumbani, mgongo ukanikaba, mjomba kanichomolea tramadoli, dawa kali ya maumivu, mfukoni kama peremende. Nikakataa, akanuna.

Nesi wa Zamu:
Ulifanya vyema. Tramadoli juu ya sertralini inaweza kuzidisha serotonini, kemikali ya mishipa ya fahamu, mwilini: kutetemeka, jasho, homa, moyo mbio, mtu anachanganyikiwa. Hiyo ni ya kukimbiziwa hospitali. Na ule mmea wa St John's wort unaouzwa bila cheti, msiuchanganye. Ibuprofeni na aspirini nazo ulizeni kwanza, hatari yake ni kutokwa damu tumboni.

Dada Salma:
Asante. Kilichoniuma kuliko mgongo ni kwamba nilificha vidonge siku zote. Mama alivyoviona akasema, "Una mawazo tu mwanangu, rudi nyumbani." Nikalia. Ni kweli nataka kurudi, na ni kweli naumwa.

Bakari wa Usiku:
Dada hapo umenigusa. Mimi natoka kazini alfajiri, nalala mchana pazia limefungwa, kuna wiki sauti ninayoisikia kwa Kiswahili ni ya simu tu.

Mzee wa Midlands:
Na tukirudi tunarudi kama nani? Serikali ya kwetu pesa zetu wanazipokea kila mwezi, uraia pacha hawataki kuusikia. Mtu hana kwao huku, hana kwao kule, asipougua kichwa ataugua nini?

Msimamizi:
Siasa ziende kwenye uzi wake.

Mzee wa Midlands:
Uraia pacha si siasa, ni afya ya akili. Waulizeni akina Salma. Kuna mwingine eVisa yake imeandikwa jina kinyumenyume?