Warsha ya uhamiaji na biashara ya kimataifa: muuza ndizi aende na nini?

Mama wa Tukuyu:
Ndugu zangu, nimealikwa kwenye warsha ya siku mbili jijini Mbeya, itakayowakutanisha wanaharakati wanaofuatilia uhamiaji na biashara ya kimataifa. Mimi hununua ndizi Tukuyu na kuzivusha Kasumulu kwenda Malawi. Machi 2025, Malawi ilipozuia mazao kadhaa ya nje, ndizi zikiwamo, Fuso tuliyoikodi watu watatu ilikaa mpakani hadi mikungu ya chini ikaiva kwa joto la turubai, na mikungu tuliyowahi kuiuza Kyela kwa bei ya kutupa haikurudisha hata gharama ya gari. Nataka kwenda, lakini nahofia lugha ya mikataba itanipita. Niende na nini?

Kijana wa Iringa:
Shikamoo mama. Nilihudhuria warsha ya aina hiyo hapa Iringa. Asubuhi nzima tulielezwa kuhusu Shirika la Biashara Duniani na wengi tukakaa kimya, mpaka mkulima mmoja wa nyanya alipotoa stakabadhi zake na kuzisoma moja baada ya nyingine. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa na la kusema. Beba cheti cha afya ya mimea, stakabadhi za ushuru na hati yako ya dharura ya kusafiria. Omba kuzungumza siku ya kwanza, kwa sababu maazimio huandikwa usiku wa kuamkia siku ya pili.

Mwalimu, Mbeya:
Mama, mambo hayo mawili ya warsha, uhamiaji na biashara, yameunganishwa kwa haki. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika ulisainiwa Kigali Machi 2018, na biashara chini yake ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 2021. Lakini itifaki ya watu kusafiri na kuishi kwa uhuru barani, iliyopitishwa Januari 2018, inahitaji nchi 15 ziiridhie, na zilizofanya hivyo ni chache mno. Mzigo umefunguliwa njia kabla ya mwenye mzigo. Machi 2020, Waethiopia 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji, baada ya lori lao kutoka Malawi. Vijana kama hao hupita kwenye barabara yetu hii ya Tunduma. Naomba wasisahauliwe ukumbini.

Mkulima wa parachichi, Njombe:
Tuseme pia ya kwetu. Aprili 2025 Tanzania nayo ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, ikaondoa zuio baada ya siku chache. Julai mwaka huohuo ikawakataza wageni kununua mazao shambani. Mimi naona mnunuzi mmoja akipungua shambani, bei yangu hushuka, ingawa jirani yangu anashukuru kwamba madalali wazawa wamepata nafasi. Warsha iyasikie yote mawili.

Mama wa Tukuyu:
Ndaga fijo, asanteni sana. Stakabadhi ninazo, nyingine zina madoa ya utomvu wa ndizi. Kijana anayenipakilia mzigo ni Mmalawi, na habari za kuvuka bila hati anazijua kunishinda. Kesho nitawauliza waandaaji kama naye anaweza kuja.