Zawadi za Arusha: Soko la Maasai, maduka makubwa, au kwa fundi mwenyewe?

Mkazi wa Njiro
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anarudi Marekani Jumamosi na anataka zawadi sita za wakwe na wenzake kazini. Jana tumezunguka maduka manne, kuanzia mjini hadi barabara ya kwenda mbugani. Ni yaleyale: twiga wawili waliosokotana shingo, fulana ya Hakuna Matata, sumaku ya friji yenye Kilimanjaro na mita zake 5,895. Katika duka la nne nikageuza kijisanduku cha mawe, chini kina kibandiko cha bei chenye mwandiko uleule niliouona duka la kwanza. Mdogo wangu akasema kule Florida alikowapeleka watoto kwenye bustani ya mabembea, ukishuka kwenye kila bembea unatokea dukani, na kila duka vikombe ni vilevile, picha tu ndiyo inabadilika. Iliniuma Arusha kulinganishwa na huko. Nyie mngemwelekeza wapi?

Dereva wa Kaskazini
Maduka makubwa yana uzuri wake: choo safi, unalipa kwa kadi, wanakufungia mzigo vizuri. Ila niseme ukweli kama mtu wa kazi hii: dereva anapewa kamisheni, ndiyo maana magari yanasimama palepale. Mgeni ana dakika ishirini, anachukua alichokwisha kukiona kwenye picha za wenzake. Mwenye duka atahangaikia kitu kipya cha nini? Kama una saa nzima, nenda Cultural Heritage, lile duka kubwa la barabara ya Dodoma, uangalie jumba la sanaa lenyewe.

Mama Shanga
Kaka, mimi nina meza hapo Soko la Maasai, Fire Road, na naomba tusiwekwe wote kapu moja. Yale mawe yanatoka Kisii, Kenya. Tunayanunua kwa jumla kwa watu walewale, kwa sababu ndiyo yanayoulizwa. Mwaka juzi nilileta vibuyu vya maziwa vilivyopambwa shanga, kama tunavyovitumia nyumbani. Vikakaa miezi mitatu mezani, watalii wanavishika na kuvirudisha. Mwisho akavichukua vyote mama mmoja wa Monduli aliyekuwa anaoza binti. Kodi ya meza hainisubiri, nikarudi kwenye twiga.

Ukija sokoni, geuza mkufu uangalie mgongo. Uliotulia una ngozi iliyoshonwa kwa mkono, wa haraka umepigwa gundi. Halafu uliza nani kashona. Anayejua atakutajia hadi boma.

Patasi
Mama kasema kweli. Mimi nachonga. Twiga wa kusokotana wanaagizwa mia kwa mkupuo, vipimo vimeandikwa kwenye karatasi, na mara nyingi ni mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu. Kwaruza kitako kwa ukucha utaona. Mpingo wenyewe ni mzito, ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama.

Ujamaa ni habari nyingine, ile nguzo ya watu waliobebana ya Wamakonde. Pale gogo ndilo linaloniongoza. Likiwa na nundu, nundu inakuwa mgongo wa bibi. Likipinda, watu wote wanapinda nalo. Hata nikitaka kuchonga mbili zinazofanana siwezi. Moja ndogo inanila wiki mbili za tezo, patasi na msasa. Kwa Jumamosi usiagize, njoo uchague iliyokwisha.

Binti Meru
Mkuu, usisahau karakana ya Shanga, pale Arusha Coffee Lodge. Mafundi wengi ni watu wenye ulemavu, wanayeyusha chupa zilizotumika na kutengeneza shanga na glasi, na unaruhusiwa kusimama uangalie. Bei iko juu, lakini aliyekitengeneza unamwona. Kwa wenzake wa kazini, kahawa ya Kilimanjaro inatosha kabisa.

Mkazi wa Njiro
Asanteni sana. Leo tumetoka kwa Patasi na nguzo moja ya watu saba. Mdogo wangu alimkuta anaipiga msasa akakaa chini kabisa, akaomba aelezwe mtu mmoja mmoja, nani kambeba nani. Hiyo ni ya baba mkwe. Kazini watapata kahawa. Mama Shanga, wamebaki wakwe wa kike watatu: ukipata vibuyu vingine vya maziwa niwekee, nitavipitia Ijumaa mchana.