Naomba ushauri: saa 22 za safari ya ndege na begi la mgongoni

Habari zenu wadau. Mwezi ujao naanza safari ya miezi mitatu, begi mgongoni tu, na kituo cha kwanza kiko mbali: ndege mbili, saa 22 ukijumlisha kusubiri katikati. Sijawahi kukaa angani zaidi ya saa nne.

Kinachoninyima usingizi ni begi. Ni la lita 45, mikanda inaning'inia kila upande, na nasikia ikinaswa kwenye mitambo ya mizigo inakatika. Nilitie kwenye gunia jepesi lishushwe chini, au nipunguze vitu nipande nalo? Nikipanda nalo, kisu changu cha kambini kinabaki nyumbani na vimiminika visizidi mililita 100 kwa chupa. Pawabenki najua haishuki chini, nakaa nayo.

Halafu kuna ubahili wangu: nimekata tiketi mbili tofauti. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili hainisubiri wala sirudishiwi hela. Nimejiachia saa tano, na humo nichukue begi na kulikabidhi upya, maana yake napita uhamiaji. Viza ya hapo katikati sikuiwaza kabisa! Mliopita njia hii mlifanyaje?

Miguu nayo huvimba hata kwenye basi. Soksi za kubana zinasaidia kweli?

Nitatua saa 12 asubuhi, kitanda cha hosteli kinapatikana saa 8 mchana. Muda huo mliumalizaje bila kusinzia barabarani?