Acheni kumuuzia mtu stata nzima, ile mota ya kuwashia injini, kwa sababu ya vipande viwili vya shaba!

Mafundi wa Unguja na Pemba, hili tumelivumilia vya kutosha. Gari ikitiwa ufunguo inalia "ta!" mara moja, taa zinawaka vizuri, injini haizunguki. Fundi hata mita ya kupimia volti hajaishika, keshatoa hukumu: "Stata imekufa, tafuta nyengine."

Imekufa nini? Kwenye stata za Denso, zilizomo katika Toyota nyingi za zamani, mara nyingi kinacholika ni vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota. Kila ukiwasha, kisahani cha plunja, kile kijiti kinachovutwa na sumaku, kinavipiga, cheche zinavila, mpaka siku kimoja hakigusi tena. Mota yenyewe nzima! Fungueni boliti tatu ndogo za namba 8 kwenye mfuniko wa nyuma, mtakiona kimelika upande mmoja kama kipande cha sabuni. Badilisheni vyote viwili.

Na kabla ya hapo pimeni. Betri iliyotulia iwe na volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 9.6 stata ikipigwa, anzeni na betri. Kisha waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha injini: stata ikipigwa, ikizidi nusu volti, erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, imeoza. Huku kwetu upepo wa chumvi unaila shaba ndani ya ganda la waya. Ukilimenya unakuta unga wa kijani.

Kinachoudhi zaidi ni hizi stata za mtumba zilizopuliziwa rangi ya fedha zionekane mpya. Stata inapata erthi kupitia mwili wake, pale inapokaa kwenye gia boksi. Rangi ikibaki pale, inazunguka kwa uvivu, halafu mwenye gari anaambiwa betri nayo imechoka! Kwangueni mpaka chuma kitoke. Na hesabuni meno ya gia, yalingane na ya zamani.

Wengine hata hasi ya betri hawaitoi. Waya mnene wa stata kwa kawaida hauna fyuzi. Spana ya 12 ikiwa kwenye nati ya waya huo ikagusa bodi, ni cheche na moto. Nati hiyo nayo mkiikaza kupita kiasi, shaba ya ndani inapinda, "ta!" inarudi.

Na stata ya zamani mrudishieni mwenyewe, msiifiche chini ya meza mkaitia shaba mpya mkamuuzia mwengine.