MREJESHO: Riwaya yangu na mkataba wa tamthilia

Wakuu, niliwauliza kama nisaini mkataba wa mtayarishaji aliyetaka "haki zote, milele" za riwaya yangu ili aifanye tamthilia ya televisheni. Sikusaini ule.

Aliyenielekeza kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999, ubarikiwe. Haki ya kugeuza kitabu kuwa filamu inasimama peke yake. Naweza kuitoa hiyo tu nikabaki na haki za uchapishaji, tafsiri na maigizo ya jukwaani. Na kwa kuwa hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, "milele" yake ilikuwa inawagusa hadi wajukuu zangu.

Tulipofikia: analipa kwanza kiasi kidogo, kama kishika uchumba, na kwa miezi 18 kitabu hakiendi kwa mwingine. Asipoanza kurekodi, haki zinarudi kwangu na hela hairudi. Akianza, ananilipa kwa kila kipindi. Asilimia ya faida aligoma, nami sikung'ang'ania. Faida ya filamu ina tabia ya kuyeyuka kwenye mahesabu.

Skripti anaandika mtu mwingine, mimi nasoma na kutoa maoni, basi. Tayari shangazi wawili wameunganishwa kuwa mmoja, na sura nzima ya mawazo ya mhusika mkuu imefutwa, maana kamera haioni mawazo. Hayo nimekubali. Ila wanataka hadithi iishie harusini! Hapo bado tunabishana.