Sungura ya mutoto anajikuna masikio: sindano, mafuta ya kupika ao matone ya shingo?

Furaha_Kadutu
Jambo bote. Sungura ya mutoto wangu iko anajikuna masikio karibu wiki mbili sasa, anatikisa kichwa kama kuku yenye imenyeshewa na mvua, na mu sikio munatoka bitu bya rangi ya kahawa, bigumu, mulemule ndani. Kesho asubuhi ninashuka ku soko ya Nyawera, hapa Bukavu, kununua dawa na siko na makuta ya kujaribu-jaribu, nataka moja tu. Jirani anasema sindano ya ngombe, ivermektini. Mama mukwe anasema mafuta ya kupika inatosha. Kaka yangu iko Kigali anasema anaweza kunitumia matone ya kuweka ku shingo, anawekeaka imbwa yake. Gani njo muzuri? Munijibu mbiyo.

PapaDende
Mbiyo ya wapi mama, haujasema kitu. Iko na kilo ngapi? Ni sikio moja ao yote mbili? Iko na harufu? Dume ao jike, na kama ni jike, haina mimba? Iko peke yake ao na wengine? Anakula?

Furaha_Kadutu
Anakula. Ni masikio yote mbili, ya kushoto njo imezidi. Harufu hapana. Kilo sijui, siko na mizani.

Kahindo_GOM
Mafuta!! Miye huku Himbi, Goma, nafugaka toka zamani na sijawahi kununua sindano hata moja. Unaweka matone tatu ine ya mafuta ya karanga mu kila sikio, unasugua pole pole ku shina ya sikio, kila siku. Kidudu inakosa pumzi inakufa. Haina sumu, hauhitaji muganga wa nyama, na ile yenye inabakia unakaangia chakula. Watu wanapenda tu kutupa makuta.

MwanaLubum
Kahindo, mafuta inasaidia lakini haimalizi. Nilisomea mifugo hapa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, basi muniruhusu kidogo. Kama ni masikio yote mbili na ndani kuna maganda yenye kupangana tabaka tabaka kama mukate mukavu yenye kuvunjika, karibu kila mara ni utitiri, jina lake Psoroptes cuniculi. Hauchimbi ngozi, unakaa juu yake unauma, maji inatoka inakauka, njo ile maganda, na mule ndani wanaishi maelfu. Ukitaka uhakika chukua kipande chenye kimeanguka CHENYEWE, weka juu ya karatasi nyeusi ku jua, angalia vizuri: utaona vinukta vyeupe vinatembea. Kama ni sikio moja, kuna usaha na harufu, hiyo ni kitu ingine. Kama maganda iko ku pua na ku vidole, hiyo ni upele wa aina ingine, na ile inaweza kuwashisha hata mutu. Hii ya masikio haikai ku mutu, mutoto asiogope.

Sasa mafuta: inaua wale inafikia. Lakini wengine wanatembea nje ya sikio, ku shingo, ku mugongo, na mayai inabaki. Toka yai mupaka mukubwa wa kutaga ni kama wiki tatu. Ukiacha mafuta siku ya kumi juu umeona nafuu, wanarudi bote.

Kahindo_GOM
Sungura wangu ni wazima mupaka leo. Masomo ni masomo.

Furaha_Kadutu
Ile maganda jana niliitoa kidogo na kijiti na pamba, ikatoka damu, akalia. Sikujua sungura wanaliaka.

Bagira_Moja
WEE MAMA ACHA KABISA. Ngoja nikusimulie. Miye nilikuwa na dume moja mweupe, mukubwa, watu walikuwa wanatoka mupaka Kazingu kuleta majike yao kwake, akaanza vile vile kutikisa kichwa, miye najiona mujanja nikasema ni uchafu tu, nikamukamata na mutoto wangu, yeye anashika miguu miye natoa maganda na pamba na ile maji ya kusafisha vidonda yenye inatoa povu, damu ikajaa, sungura akaniparua hapa ku mukono mupaka leo alama iko, alafu kisha siku mbili sikio ikaanza kunuka, nikaenda ku farmasi moja ya karibu, si ya nyama, ya watu, nikamuelezea kijana wa pale, naye akanipatia amoksisilini ya vidonge vya kufungua, akasema tia unga mu maji ya kunywa, nikatia. Siku ya tatu akaanza kuhara maji, tumbo imevimba, hataki hata majani ya viazi yenye alikuwa anapenda kushinda vyote. Siku ya tano asubuhi nikamukuta amenyooka. Na majike tano za watu nilikuwa nimepokea makuta yao ya mbele! Kisha njo muganga mumoja akanielezea sungura haimezeshwi amoksisilini ao ampisilini, inaua vile vidudu vizuri vya mu matumbo vyenye vinamusaidia kusaga majani. Kumbe masikio hata haingemuua. Nilimuua na mikono yangu.

Zawadi_Panzi
Pole kaka. Na ile makuta ya majike ulirudisha?

Bagira_Moja
Tuache ile habari.

MwanaLubum
Ni kweli yote, ya amoksisilini na ya maganda. Usitoe maganda kwa nguvu, ngozi ya chini iko bichi kama kidonda cha moto. Ivermektini ikifanya kazi, maganda inalegea na kuanguka yenyewe mu siku kumi hivi. Hapo njo mafuta ya Kahindo inaingia, tone moja mbili za kulainisha.

Furaha_Kadutu
Na ile matone ya imbwa ya kaka yangu?

PapaDende
Asome boksi mbele ya kutuma. Ikiwa ni selamektini, waganga wanaitumiaka hata kwa sungura. Ikiwa ni FIPRONILI, hapana, hata tone moja, ile inaua sungura. Boksi zote zinafanana picha ya imbwa, njo watu wanajidanganya.

Zawadi_Panzi
Swali yangu, ile Mectizan wanagawaka mu vijiji juu ya onko, ugonjwa wenye unaharibu macho, si ni ivermektini? Dada yangu iko na vidonge vyake Shabunda, hatuwezi kukata robo?

PapaDende
Dada yako amezilaza juu ya nini, si azimeze? 😂 Ni dawa moja kweli, lakini kidonge kimoja ni milligramu 3, kwa sungura ya kilo 2 ni nyingi karibu mara ine mupaka saba na nusu. Na robo ya kukata na kisu haiko sawasawa hata siku moja. Ile ni ya macho ya watu, watu wameze.

MwanaLubum
Ile dawa ilitoka mu udongo wa Japani, Satoshi Ōmura aliokota mule kidudu chenye kinaitengeneza, yeye na William Campbell wakapata Nobel 2015. Lakini turudi. Chupa ya ngombe ni 1%, maana milligramu 10 mu ml moja. Sungura inachomwa milligramu 0.2 mupaka 0.4 kwa kilo, chini ya ngozi. Kwa sungura ya kilo 2 na nusu ni kati ya 0.05 na 0.1 ml. Tumia seringi ya insulini ya mistari 100: ni mistari 5 mupaka 10, basi. Rudilia kisha siku 10 ao 14, na wengi wanaongeza ya tatu, juu mayai haifi. Lakini kilo ni lazima tujue.

Zawadi_Panzi
Mutie mu kikapo, umupeleke kwa mama mwenye kuuza maharage ku soko ya Kadutu, akupimie.

PapaDende
Mizani ya wale mamas? Sungura atatoka na kilo 4.

Furaha_Kadutu
Asanti. Sasa niseme ukweli, wako sita. Huyu wa mutoto analala na wengine mu banda, na jike moja nazani iko na mimba. Wale wengine hawajikuni bado. Na dume moja tulipanga kumukula ku sikukuu.

PapaDende
NJO NILIULIZA TOKA MWANZO!!

MwanaLubum
Basi bote sita, hata wenye hawajikuni. Ya mimba, muonyeshe muganga mbele. Banda umwage maji moto, mbao ikauke ku jua, majani ya chini uchome, juu utitiri unaweza kukaa nje ya sungura karibu wiki tatu. Na dume ukimuchoma, usimukule sasa, miye nasubirishaka zaidi ya mwezi.

Bagira_Moja
Ao mukuleni mbele ya sindano.

Furaha_Kadutu
Mutoto iko anasoma hapa nyuma yangu, musiandike vile. Sindano sita mara tatu, chupa moja itatosha?

PapaDende
Itabaki hata ya kuchoma dende zangu zote, vile vinyama vidogo bila mukia. Niko Ibanda, ukinunua tugawane bei, mbele ya kununua uangalie tarehe ku chupa.

Furaha_Kadutu
Tutaona kesho. Lakini mama mukwe ameisha kununua lita nzima ya mafuta, nitamwambia nini?

Kahindo_GOM
Mwambie akaange sambaza, tusamaki twa ziwa. Na ukiona sindano imeshindwa, unajua kwenye niko.